Shibiri Moja kwa Siku

Chupa ya Jumatatu ilikuwa safi, ya Jumanne safi. Ya Jumatano Niwaeli aliiinua juani, akaitikisa, akangoja itulie, na maji yakabaki na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Akaimwaga, akaisuuza chupa mara tatu, akakinga tena. Rangi ilikuwa ileile.

Alikuwa amechuchumaa chini ya tuta la ndiva ya Mkumbanzi, bwawa la udongo la kunyweshea mashamba, upande wa nje, kwenye mchirizi wa mawe ambamo maji yaliyopenya ndani ya tuta hutokea tone kwa tone. Kupenya peke yake si kosa. Tuta lolote la udongo hutoka jasho, na mtunza ndiva anayekuambia lake halivuji hata tone, ama ni mwongo ama hajashuka kuliangalia siku nyingi. Maji yakitoka maangavu, nenda kalale. Yakitoka na udongo, jua udongo huo umechotwa mahali, na mahali penyewe ni tumboni mwa tuta. Tundu huanza jembamba, usiweze hata kuingiza njiti ya kiberiti, kisha maji yenyewe hulipanua kila siku kwa kuondoka na chembe chache. Likishatoboa hadi upande wa pili, ndiva nzima hushuka bondeni kwa muda wa kuchemsha chai.

Kishikwambi chake kilisema mambo mengine. Sindano thelathini na sita zilizochomekwa tutani zilipima msukumo wa maji ndani ya udongo kila dakika, na zote zilionyesha kijani. Niwaeli hakuzidharau, maana yeye ndiye aliyezipigania hadi zikaletwa. Lakini sindano hujua pale ilipochomekwa tu. Kati ya sindano na mwenzake kulikuwa na hatua tano, na katika hatua tano mzizi unaweza kupita bila kupiga hodi.

Akanyanyua uso kutazama juu ya tuta. Mikauli kumi na minne ilikuwa imejipanga pale, majani yake ya kijivu yakichezacheza, na wa kwanza kutoka kwenye lango la maji ulikuwa wa binti yake. Alikaa palepale kwenye mawe, chupa mkononi, mpaka jua likamfikia mgongoni.

Kwa asiyejua mkauli ni nini: ni mti unaopandwa kwenye kopo mgonjwa akiwa bado ana nguvu ya kusema. Kila siku, kwa mwezi mmoja, mgonjwa huinamia kopo na kuongea na mche, chochote kinachomjia. Mizizi yake ilifundishwa na wataalamu wa chuo fulani kushika mtetemo wa sauti, ikashika. Mgonjwa akishazikwa, mche hutolewa kwenye kopo na kupandwa ardhini, na kuanzia hapo hurudisha yale maneno polepole, siku chache kwa kila msimu wa mvua, kadiri mizizi michanga inavyokua na kunywa. Huusikii kwa sikio. Unaegemeza taya kwenye gome asubuhi na mapema, maji yanapopanda shinani, na mfupa wako ndio unaoyapanga maneno. Watu wa mjini waliuliza kwa nini mtu asirekodi kwa simu akamaliza kazi. Waliojaribu kuurekodi mti walipata ngurumo tu. Na waliowarekodi wagonjwa wao moja kwa moja walisema si kitu kimoja, kwa sababu sauti ya simu unaisikiliza yote siku ya matanga, kisha huna tena cha kungojea.

Shida ya mkauli ni kiu. Ile miaka ya ukame miche mingi ilifia makaburini, na kufa kwa mche kulililiwa kama msiba wa pili. Mahali pamoja tu katika milima ile palikuwa na udongo mbichi mwaka mzima, napo ni kwenye tuta la ndiva.

Sheria ya ndiva ilikuwa nyasi tu. Mababu walioijenga kwa majembe ya mkono waliisema, na wahandisi waliokuja kuipanua waliiandika. Niwaeli aliijua sheria hiyo tangu akiwa msichana, baba yake alipokuwa mtunza, na aliifundisha kwa wengine kwa miaka kumi na minane. Kisha Nakunda akafa kwa ugonjwa wa damu akiwa na miaka ishirini na miwili, na mche wake ukaanza kunyauka kaburini. Siku moja ya mvua ndogo Niwaeli aliung'oa, akaupeleka tutani akaupanda. Alijiambia ni mmoja tu, na kwamba yeye mwenyewe atauchunga. Watu walipoona mtunza ndiva amepanda, walijua hakuna hatari. Nani angejua zaidi yake? Wakaja na yao, na yeye hakupata uso wa kumkataza hata mmoja.

*

Jioni ile alimpelekea chupa Togolai, mwenyekiti wa kamati ya maji. Togolai alikuwa fundi viatu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na mkauli wa mama yake ulikuwa wa tatu kwenye mstari. Aliitazama chupa, akatazama sindano za kijani kwenye kishikwambi, akaitazama tena chupa. Akauliza kama haiwezekani ng'ombe alipita pale juu ya mchirizi akatibua. Niwaeli akasema amekinga mara nne, asubuhi, adhuhuri na alasiri. Togolai akashusha pumzi, akasema basi tuyapunguze.

Kupunguza maji ya ndiva si kufungua lango na kwenda zako. Udongo wa upande wa ndani umelowa ukawa mzito, na maji ndiyo yanayouegemeza. Ukiyaondoa kwa pupa, ule udongo unakosa wa kumwegemea na unaporomoka wenyewe. Kwa hiyo ni shibiri moja kwa siku, isizidi, na kwa Mkumbanzi kufika chini ya mizizi ilihitaji siku tisa. Kamati ilipokutana, ilikubali bila ubishi. Huko chini, bonde la Mkanyeni, kulikuwa na nyumba thelathini na nane, na maji ya ndiva hii yakishuka yangepita katikati yake kabla mtu hajavaa viatu.

Ubishi ulianza Niwaeli aliposema la pili. Alisema mikauli lazima itoke, yote, pamoja na mizizi.

Watu wakaanza kuomba wapunguziwe. Mmoja akasema ikatwe matawi tu. Mwingine akasema likatwe shina, mizizi ibaki, kwani sauti si iko kwenye mizizi? Niwaeli akawaeleza taratibu kwamba mzizi uliokatwa hufa, ukifa huoza, na ukioza huacha tundu refu lililonyooka kutoka upande wa maji hadi upande wa nje. Mti mfu ni hatari kuliko mti hai. Yule mwingine akauliza kama ile ambayo haijafika mbali inaweza kuhamishwa. Niwaeli akasema mkauli uliotimiza mwaka na nusu ukihamishwa unabaki mti wa kawaida, na wote waliokuwa pale walijua hilo kuliko walivyotaka kulijua. Basi mtu akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyepanda wa kwanza. Niwaeli aliona haya mpaka masikio yakamwasha.

Siku zile tisa zilikuwa mbaya. Maji yaliposhuka, mikauli ilinyamaza mmoja baada ya mwingine, ule ulio mbali na kina ukitangulia. Watu walikuja alfajiri na blanketi mabegani, wakaegemeza taya zao, na mtu aliyekuta mti wake umenyamaza alikaa hapohapo kwa muda, halafu akarudi nyumbani bila kuaga. Niwaeli aliwaona wote, kwa kuwa kila asubuhi ilimbidi awe langoni akipima shibiri yake kwa kijiti.

Namcha alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, na mti wa mumewe, Mzee Kajiru, ulikuwa na mwaka mmoja na nusu tu. Kajiru hakuwa msemaji hata alipokuwa hai. Katika misimu yote hiyo mti wake ulitoa kikohozi, ukatoa kikohozi tena, halafu, mvua zilizopita, ukasema, "Namcha, sikiliza." Hapo ukakomea, ukawa unarudia hilohilo. Namcha aliwaambia wanawake kisimani kwamba mwanamume huyu kamwoa miaka hamsini na moja hajamwambia neno la maana, na sasa anataka kusema, basi yeye atangoja. Aliwachekesha sana. Mti wa Kajiru ulinyamaza siku ya nne.

Wa Nakunda, ulio karibu na lango, ulifika siku ya nane. Asubuhi hiyo Niwaeli aliliweka lango sawa kwanza, akahakikisha kijiti, ndipo akaenda kuegemeza taya. Sauti ilikuwa imefifia lakini ilikuwa ya mwanawe, na ilikuwa siku ya kumi na tisa tena, aliyokwisha kuisikia msimu mzima. "Mama leo kaunguza maharage. Nimemuuliza harufu ya nini, ananiambia ni moshi wa jirani. Jirani yupi? Jirani yuko Moshi kwa shemeji yake wiki ya pili hii." Na kile kicheko chake cha puani. Niwaeli akacheka naye, machozi yakimwingia mdomoni.

Ilikuwepo siku ya ishirini na tatu. Siku hiyo Nakunda alimwomba mama yake atoke chumbani, akabaki na kopo lake karibu saa nzima. Niwaeli alikaa uani akichambua mchele ambao tayari ulikuwa safi, akamsikia mwanawe mle ndani akilia, kisha akicheka, kisha akinong'ona kwa muda mrefu. Hakumuuliza. Alijiambia hana haraka, atayasikia kwa wakati wake. Misimu minne alikuwa akihesabu: ya kumi na mbili, ya kumi na tano, ya kumi na tisa. Zilibaki nne tu.

*

Togolai na Namcha walikuja nyumbani kwa Niwaeli asubuhi ya siku ya tisa, akiwa amerudi tu kutoka langoni. Aliwaamkia, akawapa viti uani, akatenga uji. Namcha hakugusa kikombe. Togolai alizunguka kidogo, akasifu uji, akauliza hali ya mbuzi, ndipo akasema.

"Dada, tumetumwa. Watu wanaomba asubuhi moja tu."

Alieleza vizuri, maana walikuwa wamelifikiria. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, mfereji ulikuwa umejaa. Lango likifungwa leo, ndiva ingefika kwenye mizizi keshokutwa. Kila mtu anakumbuka mwaka ule lango lilipokarabatiwa: mkauli uliokaa na kiu ukinyweshwa ghafla hutapika maneno ya siku tano au sita kwa mkupuo mmoja. Watu wangesikia walichobakiza, au sehemu yake, wakaaga wafu wao kwa heshima, na siku hiyohiyo lango lifunguliwe. Mkanyeni wamekubali, kwani mikauli mitatu ni yao. Wangepanda wote huku juu na watoto wao. Wasioweza kutembea ni wawili, mzee mmoja aliyepooza na mwanamke aliyejifungua juzi, nao wangebebwa. Sindano zote ni kijani. Na tuta limeshikilia miezi yote hiyo likiwa limejaa, je, litashindwa asubuhi moja?

Haya hayakuwa maneno ya wapumbavu. Niwaeli aliyasikiliza, na moyo wake ukayakubali kabla kichwa hakijafika. Alijiona ameegemeza taya. Siku ya ishirini, ya ishirini na moja, ya ishirini na mbili.

Akanywa uji wake wote ili asiseme chochote kwanza.

"Mwenyekiti," akasema, "nikilijaza, siwezi kulipunguza siku hiyohiyo. Nikilifungua kwa pupa litaporomoka lenyewe. Ni shibiri moja kwa siku. Mkanyeni watakaa huku juu wiki nzima na mtoto mchanga? Hawatakaa. Siku ya pili watashuka kulisha kuku."

Togolai akasema wangewazuia.

"Na hao watu wote watakuwa wapi asubuhi hiyo? Watakuwa juu ya tuta lenyewe, watu sitini, wameinama. Na udongo uliokauka umepasuka mahali nisipopaona. Maji yakiurudia kwa haraka, hupitia hapohapo kwenye nyufa."

"Utajuaje kama umepasuka?"

"Sijui. Ndiyo maana."

Namcha alikuwa akitazama mikono yake. Sasa akasema, bila kuinua uso, "Mama Nakunda, mwanangu, wewe umemsikia mtoto wako misimu minne. Mimi wangu ameniambia nisikilize. Nimesikiliza. Sina miaka mingine ya kungoja, na mti ukitoka hapo hakuna wa kuniambia alitaka kusema nini. Labda ni neno la kipuuzi. Labda ni shamba, labda ni mbuzi. Nipe nilisikie."

Hapo Niwaeli aliwaambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, habari za siku ya ishirini na tatu, na mchele, na ule mnong'ono. Alipomaliza Togolai alikuwa akifuta macho kwa kiganja. Namcha alimshika goti.

"Si unaona? Basi hata wewe. Lifunge, tusikie sote."

Hili ndilo lililokuwa zito kuliko yote, kwamba walikuwa wakimwomba kitu anachokitaka kuliko wao. Kama angekuwa hana mti pale, angekataa na kulala. Kama ungekuwa ni ukatili wa mtu asiye na msiba, wangemtukana na yangeisha. Alijua pia kwamba hakuna aliyemwamini tena kuhusu tuta lile, na kwamba walikuwa na haki, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaambia kwa mikono yake kwamba kupanda hakuna neno.

"Nilipoupanda wangu nilisema mmoja tu," akasema. "Niliyajua yote haya, mama. Hakuna aliyenidanganya. Nilijua, nikasema mmoja tu hauna neno, kwa sababu niliutaka. Leo nataka vilevile. Nikisema asubuhi moja haina neno, nitakuwa sijasema kwa sababu ya tuta. Siwezi kuifunga ndiva. Nisamehe."

Namcha aliondoa mkono wake gotini. Togolai akasimama, akasema msaragambo, kazi ya kijiji kizima ya kung'oa miti, utakuwa Jumamosi, akamsaidia bibi kunyanyuka. Mchana ule Niwaeli alilitia lango kufuli likiwa wazi, mtu asije akalifunga, ufunguo akauvaa shingoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ya utunzaji aliona aibu kuuvaa.

*

Jumamosi baragumu lilipigwa jua linachomoza, kama lipigwavyo siku zote za msaragambo, watu wote wakatoka na zana. Siku za kawaida huwa kuna utani njiani, wa huku wakiwasema wa kule kwa uvivu. Siku hiyo yalisikika majembe tu yakigongana.

Niwaeli alianza na wa kwake. Hakungoja aambiwe. Aliegemeza taya kwenye gome mara moja, akijua hakuna kitu, na hakukuwa na kitu. Kisha akachimba kuzunguka shina kwa sururu, na alipofika kwenye mizizi akapiga magoti akaendelea kwa panga dogo na vidole, kwa sababu ilimbidi aifuate hadi ncha, hata ile myembamba kama nywele, asiache mmoja ndani. Ilimchukua hadi saa nne. Watu walimpisha. Aliikunja yote kwenye kanga ya Nakunda, akaifunga, akaiweka kando kwenye nyasi. Kisha akarudi kwenye shimo akaanza kuchokonoa kuta zake akitafuta tundu, na alikuwa akilia waziwazi, kamasi na udongo usoni, bila kujali nani anamwona.

Ndipo na wengine wakaanza. Mwanamume mmoja wa Mkanyeni alikataa kuchimba wa kaka yake, akasema mwingine afanye, akaenda kukaa juu ya jiwe akiwa amewapa mgongo. Togolai alichimba wa mama yake akizungumza naye muda wote, akimwomba radhi kwa kila mzizi. Mchana ulipofika walikuwa wamefika wa Mzee Kajiru, ambao ulisimama juu ya mchirizi wenyewe. Niwaeli alijua kama kuna tundu, litakuwa hapo.

Walichimba mtaro unaomeza mtu hadi kifuani. Kila mtu alisogea kutazama. Mizizi ilikuwa imepita mbali kuliko ya miti mingine, licha ya umri wake mdogo, imenyooka kuelekea nje. Kuizunguka udongo ulikuwa laini na umelowa, kidole kikizama hadi kifundo. Niwaeli aliupekua kwa kiganja, akausugua, akaunusa. Alichimba shibiri nyingine tatu kwenda chini, na nyingine mbili kwenda pembeni.

Tundu halikuwepo. Kulikuwa na udongo laini tu.

Togolai aliinama akautazama ule udongo, akamtazama Niwaeli, akaangalia pembeni. Huenda tundu lilikuwa limeanza na kuziba lenyewe maji yalipopungua, mambo hayo hutokea. Huenda maji ya chai yalitoka kwenye tobo la kaa wa mtoni mahali pengine kabisa. Niwaeli aliyafikiria yote hayo akiwa ndani ya mtaro, na hakulisema hata moja, kwa kuwa hakuwa na hakika nalo.

Kazi ya kufukia ilianza alasiri. Udongo wa mfinyanzi ulishushwa kwa karai, ukatandazwa unene wa kiganja, ukanyunyiziwa maji, ukakanyagwa, kisha ukashindiliwa kwa magogo, na ndipo ukatandazwa mwingine juu yake. Haiwezekani kuharakisha. Tabaka lisiposhindiliwa vizuri linakuwa njia mpya ya maji, na ni heri tundu la mzizi kuliko hilo. Watu walichoka, wakaanza kuondoka kwa mafungu, hadi kwenye mtaro wa Kajiru wakabaki wachache.

Namcha alikuwa amekaa ukingoni tangu mchana, mizizi ya mumewe mapajani, hakuwa amelia. Sasa alimwita Niwaeli.

"Mama Nakunda."

"Abee, mama."

"Niambie ukweli, usinifanye mtoto. Tuta lingeshika? Hiyo asubuhi moja."

Niwaeli alisimama mle mtaroni, udongo hadi magotini. Aliona jibu analoweza kutoa, kwamba lisingeshika. Lilikuwa fupi, na lingempa bibi huyu usingizi, na lingemrudishia yeye uso wake mbele ya kijiji kizima. Wala si uongo ambao mtu angeweza kuugundua.

"Nadhani lingeshika," akasema.

Namcha alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. "Nadhani," akasema.

"Ndiyo. Sina hakika. Ila ukiniuliza ninavyodhani, lingeshika."

"Na ukiombwa tena?"

"Nitakataa tena, mama."

Namcha aliiweka mizizi chini kwenye nyasi, akaifunika kwa kitenge chake. Alishuka mtaroni kwa makalio, kidogo kidogo, akimkataza kwa mkono Niwaeli aliyetaka kumpokea. Alikwenda moja kwa moja kwenye gogo la kushindilia lililolazwa pale, akalisimamisha, akashika mpini wa upande wake. Gogo lile lina mipini miwili, na mtu mmoja hawezi kulinyanyua. Alisimama akingoja, uso ameuelekeza kwenye udongo, machozi sasa yakimtoka na kumdondokea mikononi.

Niwaeli akashika mpini wa pili. Wakalinyanyua, wakaliachia, wakasogea hatua moja, wakalinyanyua tena. Namcha hakumtazama, wala hakumwambia kitu, siku hiyo wala siku zilizofuata. Walishindilia tabaka lile hadi likawa gumu, Niwaeli akapiga kisigino kulijaribu, akasema bado, wakarudia.